Adrian Atiman: Mgeni Aliyewatibu Watu wa Karema kwa Miaka 67



Mliowahi kufika Sumbawanga mnaijua Hospitali ya Dk. Atiman. Wengine mna wadogo zenu waliozaliwa pale. Lakini ukiuliza huyo Atiman alikuwa nani, wengi wanakisia tu: labda padre wa Kizungu, labda mfadhili fulani kutoka Ulaya. Hapana jamani. Alikuwa Mwafrika kama mimi na wewe, mzaliwa wa kando ya mto Niger, mtoto aliyeuzwa utumwani akakombolewa, katekista, mume wa mtu na baba wa watoto. Na nchi hii hakuzaliwa. Alikuja akiwa mgeni kabisa, hana shangazi wala mjomba wa kumpokea.

Nimeamua kuandika habari zake kwa sababu ya swali ambalo nimekuwa nikiulizwa tangu nilipomaliza masomo ya falsafa na kuletwa hapa Mlandege kwa mwaka wangu wa kichungaji. Iringa ni mji wa vyuo, na watu wanakuja kutoka kila upande, wakiwemo wa Kongo na Burundi. Kijana anafika, anapata chumba, anazoea baridi ya Juni kidogo kidogo, anajiunga na jumuiya ndogondogo. Halafu anakuja kuuliza: hivi mimi nitafanya nini hapa cha maana, hata bila malipo, ili nisiwe mtu wa kupita tu? Vijana wetu waliokwenda nchi za mbali nao wanauliza hilo hilo, kwa simu, usiku wa manane.

Na neno lenyewe, kujitolea, limechoka huku kwetu. Kijana akisema anajitolea shuleni au kwenye kituo cha afya, sote tunaelewa kwamba amemaliza chuo na anasubiri ajira. Simlaumu hata kidogo, maana njaa haina likizo. Ila imefika mahali hatukumbuki kwamba neno hilo lilikuwa na maana nyingine kabla ya kuwa foleni ya kazi.

Basi tumtazame Atiman.

Alizaliwa yapata mwaka 1866 katika kijiji cha Tundurma, karibu na Timbuktu, katika nchi ambayo leo inaitwa Mali. Akiwa bado mtoto alitekwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Metlili, kusini mwa Algeria. Hebu fikiria umri huo. Ni umri wa mtoto wa Komunyo ya kwanza, anayetumwa dukani na mama yake kununua chumvi. Miaka ya 1870 hapo Metlili alikombolewa na wamisionari wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, ndio hao wazee wetu waliowaita Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Shirika hilo lilikuwa bado changa, limeanzishwa mwaka 1868 na Askofu Mkuu wa Algiers, Charles Lavigerie, ambaye baadaye alifanywa Kardinali. Mapadre walilipa fedha, mtoto akawa huru.

Kumrudisha kwao ilikuwa ndoto. Mwaka 1876 mapadre watatu wa shirika hilo waliojaribu kuvuka jangwa kwenda Timbuktu waliuawa njiani. Njia iliyomleta Atiman ilikuwa ya kwenda upande mmoja tu. Basi akalelewa Algeria, akasoma, akabatizwa.

Sasa Lavigerie alikuwa na wazo moja, nami naliona lilikuwa kubwa kuliko watu wengi wa zama zake. Aliamini kwamba Afrika itainjilishwa na Waafrika wenyewe, wala si na Wazungu. Lakini Mwafrika mgeni akiingia kijiji asichokijua, nani atamsikiliza? Jibu la Kardinali lilikuwa kwamba mlango wa mgonjwa huwa wazi kwa tabibu. Kwa hiyo vijana hao wafundishwe utabibu, wawe matabibu na makatekista kwa pamoja. Mwaka 1881 akafungua taasisi kwa ajili yao kisiwani Malta. Alikuwa na sababu zake za kuchagua Malta: kulikuwa na chuo kikuu chenye kitivo cha utabibu, na lugha ya Wamalta ni mtoto wa Kiarabu, kwa hiyo vijana waliotoka Algeria hawakupotea kabisa. Tena alisisitiza wasigeuzwe kuwa Wazungu katika mavazi na maisha ya kila siku, wasije wakashindwa kuishi na watu watakaotumwa kwao. Kwa karne ya 19, wazo hilo lilikuwa mbele sana.

Atiman alisoma Malta kwa miaka saba hivi. Mwaka 1888 akatumwa Tanganyika. Akiwa na umri wa miaka kama 22, hiyo ilikuwa nchi yake ya nne: Niger ya utotoni, Algeria, Malta, sasa huku. Walipitia Zanzibar, kisha wakaanza safari ya miguu kutoka pwani kwenda ziwa Tanganyika, zaidi ya kilometa elfu moja, mwaka ule ule ambao pwani ilianza kuwaka vita ya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Alifika Karema mwaka 1889.

Karema ya wakati huo ilikuwaje? Ilianza kama ngome iliyojengwa mwaka 1879 na Wabelgiji waliotumwa na jumuiya ya Mfalme Leopold wa Pili. Mwaka 1885 wakawakabidhi Mapadre Weupe. Misheni ikawa kimbilio la watu waliokimbia misafara ya watumwa, na wengi walioishi pale, hasa watoto, walikuwa wamekombolewa kwa fedha au kwa nguo, kama yeye mwenyewe alivyokombolewa kule Metlili. Tusiipake rangi ya peponi. Mapadre ndio waliokuwa watawala wa mahali pale, wakiamua kesi na kugawa mashamba, na si kila aliyekuwepo alichagua kuwepo. Lakini nikimfikiria kijana huyu akimfunga kidonda mtoto aliyetoka kuvuliwa minyororo, naona hakuhitaji mkalimani wa jambo hilo, hata kama Kibende bado hakijui.

Karibu na hapo, ng'ambo ya ziwa, alikuwepo mgeni mwingine aliyekuja kwa hiari yake, Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa, aliyewahi kuwa askari wa kujitolea wa Papa. Alilinda vijiji vya misheni dhidi ya wavamizi, akaoa huko huko, na hakurudi Ufaransa hadi alipofariki mwaka 1927. Wakati mwingine tunadhani kujitolea ugenini ni mambo ya miezi mitatu na picha. Ziwa Tanganyika lilikuwa na watu wa namna nyingine.

Atiman naye alioa mwaka huo huo wa 1889. Mke wake alikuwa Agnes Wansahira, binti wa Wabende, wenyeji wa Karema. Naliona jambo hili kuwa muhimu kuliko vyeti vyote vya Malta. Mtu akioa mahali, amepata shemeji, amepata wakwe, amepata misiba ya kuhudhuria na mahari ya kusemwa. Si tabibu wa misheni tena, ni mkwe wa watu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alilishika jembe mapema.

Kazi yake ilikuwaje siku kwa siku? Fikiria tu mambo ya wakati ule. Alipofika Karema, hakuna mtu duniani aliyekuwa amethibitisha kwamba malaria inaenezwa na mbu. Ronald Ross aliligundua hilo India mwaka 1897. Kwinini ilikuwepo, chanjo ya ndui ilikuwepo, visu vya upasuaji vilikuwepo, na baada ya hapo ni mikono, macho, na kukaa na mgonjwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulifika pwani za ziwa na kuangamiza watu wengi. Vita Kuu ya Kwanza ikaja, Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza wakapigana kwa meli juu ya ziwa hilo hilo. Bendera zikabadilika. Tabibu wa Karema akawa ni yule yule. Alipoelekea uzee, dunia ilikuwa imeshapata penisilini. Yaani mtu mmoja, katika kituo kimoja, alipita kutoka enzi ya kutojua kazi ya mbu hadi enzi ya antibiotiki.

Na alikuwa katekista pia, msisahau. Alifundisha dini. Alikaa na wanaokufa. Kazi hizi mbili hazikuwa na ukuta katikati. Aliyekuja kwa ajili ya jipu alikutana na mtu aliyesali, na aliyekuja kwa ajili ya mafundisho aliangaliwa na kidonda.

Hapa sasa ndipo falsafa niliyosoma inaponisumbua. Je, huyu kweli alijitolea? Alinunuliwa na watu wale wale waliokuja kumlea, kumsomesha na kumtuma. Kardinali alikuwa na mpango kabla kijana hajaota ndevu. Nani alimuuliza Atiman anataka kuwa nani? Mtu aliyekombolewa kwa fedha atakataaje ombi la aliyemkomboa? Nimelizungusha swali hili kichwani muda mrefu, na sitaki kulifunika kwa blanketi la uchaji.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anatofautisha deni la kisheria na deni la shukrani. La kwanza unaweza kushtakiwa usipolilipa. La pili linakubana ndani tu, na likilazimishwa linaacha kuwa shukrani. Atiman alianza na deni gani? Nadhani mwanzoni hata yeye angeshindwa kuyatenganisha. Lakini Kardinali Lavigerie alifariki mwaka 1892, miaka mitatu tu baada ya Atiman kufika Karema. Waliomlipia walizeeka na kufa mmoja mmoja. Serikali ya Wajerumani ilikuja, ya Waingereza ikafuata, na kote walihitaji Waafrika wenye ujuzi wa tiba. Mtu mwenye elimu ya Malta asingekosa mahali pa kwenda. Alibaki. Mwaka 1900 alibaki, mwaka 1920 alibaki, mwaka 1940 alibaki. Kwa maoni yangu, na mnaweza kunipinga, uhuru wa mtu hauonekani siku ya kwanza peke yake. Wengi wetu tumeanza mambo mema kwa kusukumwa: na mama, na paroko, na masharti ya chuo, na kukosa kazi nyingine. Mimi mwenyewe sitaapa kwamba nilipoingia seminari ndogo nilijua ninachofanya! Hiari inaweza kuja nyuma, ikakukuta tayari uko kazini, na ukaichukua kazi ile ile kwa mikono mipya.

Ndiyo maana simkatishi tamaa kijana anayejitolea huku akisubiri ajira. Nia yake ya leo inaweza kuwa nusu nusu. Ya Atiman nayo huenda ilikuwa hivyo.

Niwape mfano wa hapa hapa. Kuna dada mmoja wa jumuiya yetu, ametoka Kongo, upande wa ziwa. Kwao alisomea uuguzi. Hapa cheti chake hakimruhusu kumchoma mtu sindano mpaka asajiliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na hilo lina hatua zake na gharama zake. Aliomba kujitolea sehemu moja mjini. Wiki nne alipanga viti, akapigwa picha akiwa na fulana yao, akaambiwa asante sana. Alikuja kwangu akiwa na hasira ya kimya, ile ya mtu ambaye hataki kuonekana hana shukrani. Nilichokuwa nacho cha kumwambia kilikuwa kidogo. Mama mmoja mwenye jumuiya ndiye aliyemchukua, akampeleka kwa bibi mgonjwa wa kiharusi, mtaa wa pili kutoka hapa, ambaye wajukuu wake walikuwa hawajui namna ya kumgeuza kitandani, na mgongo wake ulianza kuchubuka. Yule dada alijua. Kumgeuza mtu kitandani kila baada ya saa mbili, kumkausha, kumnyoosha viungo, hakuhitaji usajili. Aliwafundisha wajukuu. Baadaye akaitwa nyumba nyingine. Sasa Kihehe anakijua kuliko mimi, maana vibibi vyetu havina muda wa kujibana kwenye Kiswahili.

Angalieni jinsi ilivyotokea. Sehemu ya kwanza alipelekwa na tangazo. Sehemu ya pili alipelekwa na mama anayejua nani kalala wapi. Atiman naye hakuja Karema na orodha ya miradi. Alikuja na ujuzi mmoja, akasubiri mlangoni, na wagonjwa wakamwonyesha kazi.

Kwa wenye kuuliza mambo ya karatasi: mgeni anayetaka kujitolea rasmi kwenye taasisi hapa Tanzania anahitaji kibali cha ukaazi, na cha watu wa kujitolea, wanafunzi na wamisionari ni Daraja C. Lifuatilieni mapema, tena kupitia taasisi yenyewe, msiingie kwenye matatizo na Uhamiaji kwa nia njema. Kumsaidia jirani kuchota maji ni jambo lingine.

Turudi kwa mzee wetu. Mwanawe Joseph alipewa upadre mwaka 1923. Hebu tulia hapo kidogo. Baba aliuzwa mtoto jangwani, mama ni Mbende wa Karema, na mtoto wao anainua kalisi katika nchi ambayo baba hakuzaliwa. Sidhani kama Lavigerie, na mipango yake yote, aliipanga hiyo.

Mwaka 1946 maisha ya Atiman, yaliyosimuliwa na yeye mwenyewe, yalichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Akiwa mzee, heshima zilianza kumfikia, medali ya Papa ikiwa mojawapo. Napenda kwamba zilichelewa. Alikuwa ameshafanya kazi miongo mingi kabla mtu wa nje hajajua njia ya kwenda Karema ili amvishe.

Hakurudi tena Tundurma. Hili huniuma kila ninapolisoma. Kuna maumivu ambayo kazi njema haiyafuti, na sitaki kijana yeyote aliyehama kwao adhani kwamba akijitolea vizuri ataacha kuota nyumbani. Mama aliyempoteza mwanawe kando ya Niger aliishi na kufa bila kujua kwamba mwanawe ni tabibu. Katika Misa za marehemu mwezi wa Novemba, huwa namweka huyo mama katika nia zangu, ingawa jina lake silijui. Mungu analijua.

Atiman alifariki Karema mwaka 1956, akiwa na miaka 90 hivi, miaka mitano kabla ya Uhuru. Alizikwa huko huko. Ni miaka 67 tangu aliposhusha mzigo wake pale. Jina lake halimo kwenye kalenda ya watakatifu, kama lilivyomo la Bakhita, mtoto mwingine aliyepitia soko la watumwa. Ila nyumba ya Mapadre Weupe pale Dar es Salaam inaitwa Atiman House, na hospitali ya Sumbawanga nimeshaitaja.

Karema leo iko Mkoa wa Katavi, na serikali imejenga bandari pale miaka ya karibuni, kwa ajili ya mizigo ya Kongo. Kutoka hapa unakwenda Mbeya, Tunduma, Sumbawanga, Mpanda, halafu unashuka kuelekea ziwani. Safari si ya siku moja. Nimewaomba viongozi wa vijana wetu tuifikirie kama hija ya mwakani, tusali kaburini, na tukipita Sumbawanga tuingie wodini kuwajulia hali wagonjwa. Wanaotaka kwenda waanze kuweka akiba ya nauli, na waje na sweta kwa ajili ya Sumbawanga. Baridi ya kule haina tofauti na ya kwetu.